Likizo Yangu ya Uzazi

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa Jumatatu asubuhi, na kabla ya adhuhuri ya siku hiyo nilikuwa nishapata barua ya kunipa likizo ya uzazi ya wiki tatu, kwa mshahara kamili. Nilikuwa mwanamme wa kwanza katika kampuni yetu kupewa barua ya namna hiyo. Niliikunja mara nne, nikaitia mfukoni, nikatoka hospitali kifua mbele kama mtu aliyeteuliwa kuwa balozi.

Kazi yangu ni kupanga vyumba. Kampuni ina hoteli mbili, moja Nungwi na moja Paje, lakini ofisi ya kupokea maombi ya wageni iko Mji Mkongwe, ghorofa ya pili ya nyumba ya mawe yenye ngazi za kuumiza magoti. Kutwa najibu barua za watu wanaotaka chumba kinachoangalia bahari, na kuhakikisha maharusi wa ndoa mbili tofauti hawapewi kitanda kimoja. Kazi yenyewe haina kufunga. Wageni wengine hutoka nchi ambazo sisi tukilala wao ndio kwanza wanakunywa chai, kwa hiyo simu yangu ilikuwa ikila nami na kulala nami. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa skuli, alikuwa akisema kwamba alipoolewa alinikuta tayari nina mke mkubwa, na mke mwenyewe ni simu.

Mambo yalianza kubadilika alipoletwa afisa utumishi mpya. Alikuwa dada wa Moshi, mwenye mwendo wa haraka na madaftari matatu ya rangi tatu, na kila mtu kwake alikuwa kaka au dada. Mwezi wake wa kwanza alituita sote kwenye semina, tukapewa chai na sambusa, akatueleza kwamba kampuni sasa ina sera ya uwiano wa kazi na maisha. Akachora mizani ubaoni. Sahani moja akaiandika kazi, ya pili akaiandika maisha. Mwenye stoo, mtu mzima mwenye watoto tisa, akauliza usingizi unawekwa sahani ipi. Afisa akafikiri kidogo, akasema maisha. Mwenye stoo akasema wake yeye mwingi uko kwenye ile ya kazi.

Tulipomaliza kucheka akasoma yaliyomo. Mtu anaweza kuingia saa moja akatoka saa tisa, au kuingia saa nne akatoka saa kumi na mbili. Siku moja kwa wiki anaweza kufanyia kazi nyumbani. Na baba aliyepata mtoto ana likizo ya wiki tatu. Mwenye stoo akasema katika uzazi wote tisa wa nyumbani kwake yeye alikuwa akiomba ruhusa siku moja, na ikifika mchana huwa hana la kufanya. Lakini mimi nilinyanyua mkono. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Nisiseme uongo, wakati ule sikuwa nikifikiria nepi. Nilikuwa nikifikiria usingizi.

Afisa akafurahi sana. Akaniambia ana sharti moja tu, nikiwa likizo niwe likizo kweli. Nisifungue kompyuta, nisijibu barua, nisikanyage ofisini. Nikamwambia hilo halina shida yoyote.

Sisi tunakaa Kiembe Samaki, nyumba ya vyumba viwili na ukumbi, na uani pana pahala pa kuanikia nguo. Mke wangu alipotoka hospitali tulimkuta mama yake keshafika kutoka Paje, pamoja na dada yake mkubwa, ambaye kwa mke wangu ni mama mkubwa, na kuku watatu wazima waliofungwa miguu. Kwa kawaida binti huenda kwao kujifungulia mtoto wa kwanza, lakini daktari alitaka tuwe karibu na mjini, kwa hiyo kwao ndiko kulikokuja kwetu. Akaongezeka na mkandaji, bibi mmoja wa mtaani kwetu ambaye kazi yake ni kuwakanda wazazi waliotoka kujifungua kwa maji ya moto. Ikifika jioni ya siku ile nyumba ilikuwa si yangu tena. Chumba chetu kikawa cha mzazi na mtoto na mama mkwe. Chumba cha pili kikawa cha mama mkubwa na mizigo. Mimi nikapewa kochi la ukumbini, kuanzia baada ya Isha, wageni wakishaondoka.

Asubuhi yake nilimwambia mama mkwe kwamba nina likizo, na kwamba nipo hapo kusaidia chochote. Akasema vyema mwanangu, akanituma tangawizi. Nikarudi na tangawizi, akanituma pilipili manga. Nikarudi na pilipili manga, akanituma mdalasini, na niliporudi na mdalasini nikakuta viatu vya kike vimejaa mlangoni na pazia la ukumbini limeshushwa. Mkono ukatoka ukapokea mdalasini. Kisha nikasikia sauti yake nyuma ya pazia.

"Mwanangu, kapunge upepo kidogo."

Upepo huo niliupunga mpaka Magharibi.

Na kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Mtoto nilikuwa naonyeshwa baada ya sala ya Alfajiri, kwa muda wa kama robo saa, wakati mke wangu yuko bafuni anakandwa. Mama mkwe humleta mikononi mwake, akanisogezea usoni kama muuza vyombo anavyomwonyesha mnunuzi birauli ya kioo. Nikinyoosha mikono anasema mikono yangu ya baridi. Nikawa naamka mapema naipasha mikono juu ya jiko. Akasema sasa inanuka mafuta ya taa.

Mke wangu naye alikuwa akiniona kwa mbali, mimi niko ukumbini, yeye yuko kitandani kafunikwa mpaka kidevuni, mlango ukiwa wazi nusu. Tulikuwa tukipungiana mikono kama watu walioko kwenye boti mbili.

Saa mbili ya asubuhi nilikuwa natakiwa niwe nimeshatoka. Mtaani kwetu mwanamme mzima hana pa kukaa asubuhi bila ya kuulizwa, basi napanda Vespa yangu nakwenda zangu mjini. Nilikulia Malindi, ambako babu yangu, mtu wa asili ya Manga, Uarabuni, alikuwa na duka la vitambaa, na mpaka leo wazee waliokuwa wakijuana na baba yangu hukaa barazani karibu na pale wakinywa kahawa. Nikaamkia shikamoo, nikajibiwa marahaba, nikakaa. Wakaniuliza leo sikwenda kazini. Nikasema nna likizo. Wakauliza likizo ya nini, na mimi, kwa ujinga wangu, nikawaambia ya uzazi.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa bora wangecheka. Mmoja aliweka kikombe chake chini taratibu, mwingine akatazama upande wa bandarini.

Siku ya pili waliniuliza tena, nikajibu yale yale. Siku ya tatu hawakuniuliza kitu, wakanisogezea pahala, na kahawa yangu ikaja bila ya mimi kuagiza. Mmoja wao, rafiki mkubwa wa marehemu baba, akanishika mkono akanivuta kando. Akanieleza kwamba hapana mtu asiyewahi kufukuzwa kazi, yeye mwenyewe aliondolewa pahala alipokuwa kijana, na kwamba mpwa wake ana duka la vipuri vya pikipiki na anatafuta mtu mwaminifu. Nikamwambia sikufukuzwa. Akasema anajua, anajua. Nikaapa. Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kunihurumia.

Ijumaa nikaona heri ofisini. Nilijiambia sitafanya kazi, nitakaa tu kwenye kiti changu kidogo nipumzike. Mlinzi wa mlangoni, ambaye nimekuwa nikimpa salamu kila siku kwa miaka sita, akasimama katikati ya mlango akasema kapewa jina langu. Nikiwa nabishana naye afisa akateremka ngazi.

"Kaka, unafanya nini hapa?"

Nikamwambia nimesahau chaja ya simu. Akapanda juu, akarudi na chaja, wala haikuwa yangu. Akaniambia ananielewa, kwamba kuacha kazi ni mazoea kama mazoea mengine, na mwanzoni ni vigumu, lakini mwanangu ananihitaji. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba mwanangu hapokei wageni wa kiume mchana. Nikachukua chaja ya mtu nikaondoka.

Jumapili ilikuwa siku ya saba, tukafanya akika. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, na rafiki wa marehemu baba alikuja, akakaa na kaka yake mama mkwe, wakazungumza kwa sauti ya chini huku wakinitazama. Nikajua kinachozungumzwa. Nilizunguka na sinia ya pilau nikicheka kwa kila mtu ili nionekane sina tatizo, na nadhani hilo ndilo lililowathibitishia.

Jumatano asubuhi mama mkwe akaniita jikoni. Ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa nikae katika nyumba yangu tangu mtoto azaliwe, akanipa na kibao cha mbuzi ya kukunia nazi nikalie. Dada yake alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Mwanangu," akasema, "sisi watu wazima. Kazi huondoka na nyingine ikaja. Lakini kumficha mkeo naye yuko kitandani, hilo si jambo zuri."

Nikatoa ile barua mfukoni, nikampa. Yeye herufi hizi za kizungu hazijui vizuri, akampelekea binti yake chumbani, na mke wangu akaisoma kwa sauti ya mwalimu, sote tukimsikia jikoni. Alipofika kwenye maneno "likizo ya uzazi kwa mfanyakazi wa kiume", mama mkwe akamwambia arudie. Akarudia. Mama mkwe akarudi jikoni, akaniuliza kwa upole kama hao wakubwa wangu wanajua kwamba aliyezaa ni mke wangu.

Nikamweleza habari ya mizani. Nikamwambia siku hizi baba anatakiwa naye awepo. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu mwenye adabu ya kusikiliza. Kisha akanieleza yake. Yeye amelima mwani Paje tangu mke wangu hajazaliwa. Maji yakiwa ya bamvua, bahari inapokupwa mbali, anaingia majini kila siku, afunge mbegu, avune, aanike. Maji yakiwa mafu, bahari haitoki, naye yuko nyumbani na watoto wake. Wiki moja hivi, wiki moja vile.

"Mie likizo nilikuwa napewa na bahari," akasema. "Na haijaniandikia barua hata siku moja."

Hapo akaanza kuhesabu siku kwa vidole. Nikaona uso wake unabadilika. Akamwita dada yake, wakahesabu pamoja. Bamvua lilikuwa linaanza Ijumaa. Mwani wake ulikuwa umekomaa kwenye kamba, na mwani uliokomaa ukiachwa hukatika ukaenda na maji, ikawa kazi ya miezi imepotea. Wa dada yake hivyo hivyo. Walikuwa wamempanga mpwa wao aje kushika nafasi kwa siku nne za kuvuna, na mpwa alikuwa amepiga simu jana yake kusema ana homa. Mkandaji huja asubuhi kwa saa mbili tu, kisha huenda kwa mzazi mwingine.

Wote wawili wakanigeukia. Walinitazama vile mtu anavyokitazama kiti kilichovunjika mguu mmoja, akijiuliza kama kitahimili.

"Na hiyo barua yako," akauliza mama mkwe, "imeandikwa popote kwamba unajua kufua nepi?"

Ijumaa waliondoka baada ya Alfajiri. Niliandika maagizo yote kwenye karatasi. Mzazi asiguse maji baridi. Asisimame kwenye upepo. Anywe uji wa pilipili manga saa nne, supu ya kuku saa saba. Mtoto akilia aangaliwe kwanza chini, halafu tumbo, halafu ndio apewe mama. Mkandaji alifanya kazi yake, akanipita mlangoni akitikisa kichwa, akaondoka. Nyumba ikawa kimya. Nikaingia chumbani kwangu kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na moja, nikakaa ukingoni mwa kitanda, mke wangu akaniuliza nimekuja kumtembelea nani.

Uji ulinishinda. Nilikuwa nimeambiwa pilipili manga nitie kiasi, na hakuna aliyenionyesha kiasi kina vijiko vingapi. Mke wangu akapiga funda moja, machozi yakamtoka. Nikadhani nimemuumiza, kumbe anacheka. Akacheka huku kashika tumbo, akinisihi nisimchekeshe kwa sababu ya mishono, nami nilikuwa sijasema neno. Akaniambia kwa siku zote hizo hakuna mtu aliyemwacha acheke. Kila mtu anamtunza, na hapana anayezungumza naye. Nikamimina uji, nikapika mwingine, ukatoka na madonge, akaunywa wote.

Mtoto nilimshika ipasavyo siku hiyo. Nilikuwa nimeshavaa kanzu yangu nyeupe ya Ijumaa, nimejifukiza na udi, nikasema nimbebe dakika mbili kabla ya kwenda msikitini. Dakika ya pili nikahisi joto kifuani. Kutazama, kanzu imekuwa rangi ya manjano kutoka kifungo cha kwanza mpaka mfukoni. Mke wangu akasema kwa kawaida mtu huanza na shati la zamani. Nilikwenda msikitini na shati la kazini, nikarudi mbio, nikafua kanzu pamoja na nepi.

Hizo nepi nilipotoka kuzianika uani ndipo mtaa ulipopata habari. Ukuta wetu mfupi, na jirani yetu alikuwa anaanua nguo zake. Aliniona nina vibanio viwili mdomoni na nepi begani. Akauliza, kwa sauti ya msiba, kama mzazi hajambo. Nikaitikia kwa kichwa kwa sababu ya vibanio, na nadhani alikielewa vibaya kichwa changu. Haikupita nusu saa wakaja wanawake watatu mlangoni na sufuria ya mchuzi, wamejitanda kanga, mmoja keshaanza kufuta macho. Nikawaambia mzazi mzima, amelala, ahsanteni kwa mchuzi. Wakanyoosha shingo kutazama ndani. Nikateremsha pazia. Baadaye nilikaa kwenye kochi nikaona fahari kubwa, maana nilikuwa nimemtoa mtu nyumbani badala ya kutolewa mimi.

Mama mkwe alirudi jioni amechoka, miguu ina chumvi, akakagua kila kitu kabla hajakaa. Nepi nne alizifua upya. Ya tano aliinusa, akaitazama kwenye mwanga, akaikunja akaiweka pamoja na nyingine. Mimi niliiona.

Kufika siku ya tatu nilikuwa na utaratibu. Nilichora jedwali kama lile la vyumba la ofisini, nikalibandika juu ya jiko, saa ya uji, saa ya supu, saa ya mtoto kuingia na kutoka. Mke wangu alikuwa analala mchana saa mbili nzima, jambo ambalo wageni walikuwa hawampi nafasi. Mtoto alikuwa analala kifuani kwangu, basi mimi nakaa kwenye kochi kama sanamu, mguu umekufa ganzi, nina kiu, na sithubutu kunyanyuka. Simu nilikuwa nimeisahau kwenye kabati la vyombo. Sikumbuki kuisahau simu kabla ya hapo tangu ninunue ya kwanza.

Jumatatu, siku ya nne na ya mwisho ya kuvuna, simu ilitikisika kabatini. Niliifikia kwa mkono mmoja. Alikuwa afisa utumishi. Aliuliza hali ya mtoto na hali ya mama, akauliza na hali yangu, akakohoa. Yule aliyeshika nafasi yangu alikuwa amewapeleka Nungwi wageni thelathini waliolipia Paje, na vyumba vya Paje kawapa watu wengine, na basi la wageni liko njiani. Anajua nipo likizo. Anajua sera ni yeye aliyeileta. Lakini kama naweza kufika ofisini kwa dakika kumi tu.

Nikamjibu kwa kunong'ona kwamba haiwezekani, kuna mtu amenilalia. Kama jambo lenyewe lina haraka, aje yeye na kompyuta.

Akaja. Alifika na gari ya ofisi, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye mkeka kwa sababu kochi lilikuwa na nepi, maana asubuhi ile mvua ilinyesha nikaanika ndani. Mimi sikuweza kuandika na mtoto kifuani, basi nikawa nasema na yeye anaandika. Hawa wahamishie vyumba vya bustani. Hawa wazee wasipande ngazi. Hawa wawili usiwaweke karibu na ukumbi wa muziki, mwaka jana walilalamika. Nusu saa tu mambo yakakaa sawa, na basi likageuzwa njiani.

Hapo mtoto akaamka, na mimi nilikuwa na supu jikoni inafurika. Nikamkabidhi afisa mtoto bila hata kufikiri, nikakimbia. Niliporudi nilimkuta kasimama dirishani, kambeba vizuri, mkono chini ya shingo, anayumba taratibu kama mtu aliyefanya hivyo sana. Nikataka kumpokea, akasema ngoja kidogo. Akaniambia ana wawili, wako Moshi kwa bibi yao. Wa pili alimwacha ana miezi minne ilipotoka nafasi ya kuja huku visiwani, kwenye kampuni nyingine, miaka minne nyuma. Huzungumza nao kwa simu kila siku wakitoka skuli, na yule mdogo siku hizi akimwona kwenye kioo cha simu anamwita shangazi.

Nikamwuliza kama atakunywa supu.

Alikuwa bado kambeba mtoto wakati mama mkwe, aliyewahi kumaliza siku hiyo, alipoingia kutoka Paje na ndoo yake, akamkuta mwanamke mgeni, kavaa suti, katikati ya ukumbi wa binti yake. Nikawahi kusema huyu ni mkubwa wangu wa kazi. Mama mkwe akaweka ndoo chini, akamtazama kuanzia miguuni.

"Wewe ndiye uliyempa huyu uzazi?"

Afisa akasema ndiye. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa. Mama mkwe akamwambia kwamba nia yao nzuri, lakini wamekosea siku. Sasa hivi nyumba imejaa watu, mama yupo, mama mkubwa yupo, jirani analeta mchuzi, baba hana pa kusimama. Arobaini ikitimia wote wanaondoka siku moja, na binti anabaki peke yake na mtoto na nyumba.

"Mngempa siku hiyo," akasema. "Sasa mmemtoa kazini mkamleta kupunga upepo."

Afisa akamrudisha mtoto mikononi mwangu, akakaa tena kwenye mkeka, akatoa daftari moja kati ya yale matatu. Akamwuliza mama mkwe kama siku hizo ziwe mfululizo au zigawanywe. Mama mkwe akafikiri kama mtu aliyezoea kuulizwa mambo hayo, akasema zigawanywe, kwa sababu mtu mwenye kazi akikaa kutwa nyumbani naye anakuwa mtoto wa pili. Nusu siku inatosha. Atoke mchana akiwa bado ana nguvu. Wakazungumza hivyo mpaka Alasiri, mimi nikipitisha supu.

Sera ilibadilishwa kabla ya mwezi kwisha. Baba anachagua mwenyewe lini achukue siku zake, na anaweza kuzichukua nusu nusu. Mimi, kwa ruhusa ya afisa, sikuingoja, nilirudi ofisini kesho yake ile Jumanne nikiwa na siku zilizobaki mkononi. Afisa mwenyewe aliomba likizo mwaka ulipokwisha, akaenda Moshi, akarudi na yule mdogo. Anatoka saa tisa kila siku, na hamna anayemwuliza.

Arobaini ilipotimia mama mkwe na dada yake walifunga mizigo yao, wakaaga, nyumba ikabaki na sisi watatu. Siku ya kwanza ya nusu siku zangu nilifika nyumbani saa nane kasorobo. Mke wangu alikuwa ananingojea mlangoni kashavaa buibui. Akanipa mtoto, akasema anatoka, hajui anakwenda wapi, lakini anatoka. Nikasimama dirishani nikamtazama. Alifika njiani, akatazama upande wa uwanja wa ndege, akatazama upande wa mjini, akaenda hatua chache huku, akarudi, akaenda kwa jirani. Haikupita dakika kumi nikamwona anarudi.

Nikamwuliza vipi. Akasema amesahau mtu hufanya nini akiwa peke yake. Sikumfungulia mlango. Nikamwambia bado ana saa mbili na nusu mpaka saa yangu ya kawaida ya kurudi, zake mwenyewe. Akakaa kwenye ngazi ya nje, akavua viatu, akanyoosha miguu juani, na baada ya muda kidogo nikamsikia anaimba peke yake.